Vita vya Indriki Kwenye Kizuizi cha Msimbazi

Enyi watu wa Kariakoo, wenye maduka na msio na maduka, sogezeni vigoda, zimeni redio, na wewe unayetafuna karanga kwa kelele acha kwanza, kwa maana nataka kunena habari iliyo kubwa kupita zote zilizopata kutokea baina ya Mnazi Mmoja na Jangwani: habari ya shujaa Indriki, simba wa Chekoslovakia, mpanda pikipiki nyekundu aina ya Jawa, aliyekabiliana na kizuizi cha polisi cha Msimbazi siku ya Jumapili, saa nane mchana imekwisha kupita. Msiniulize kama nilikuwepo. Nilikuwepo, nilisimama mbele kabisa, na anayesema sikuwepo ni yule muuza mihogo, ambaye siku hiyo alikuwa amelala chini ya meza yake mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile petroli ilipoadimika, Serikali ikatoa amri kwamba Jumapili, ikishatimia saa nane mchana, chombo chochote cha moto kisionekane barabarani pasipo kibali. Watu wakatii. Jumapili mchana Mtaa wa Msimbazi ukawa kimya, kuku wakatembea katikati ya lami taratibu kama wajumbe wa nyumba kumi kumi.

Huyo Indriki aliletwa na nchi yake kuja kuwafundisha vijana wetu ufundi wa mitambo ya kuchapia. Jina lake halisi lilikuwa gumu, mtaa ukalinyoosha. Akapanga chumba kwa Bi Kijakazi, Mtaa wa Narung'ombe, akakaa miaka mingi mpaka akaacha kuuliza chakula kina pilipili kiasi gani. Lakini barabarani, ole wake! Askari walimwona kutoka mbali kwa ule weupe wake, nao wakamsimamisha Jangwani, wakamsimamisha Kivukoni, wakamsimamisha hata mlangoni kwake akiwa anaipangusa tu pikipiki. Leo leseni, kesho bima, keshokutwa hati ya ukaazi, siku nyingine honi ilie wasikie. Na vita vyote hivyo alivishinda kwa silaha moja: "Ndiyo, afande" na "Samahani, afande." Hakupata kumwambia askari neno la tatu, kwa kuwa aliambiwa na wenzake kwamba mgeni akimjibu askari vibaya, safari yake ya pili ni ya uwanja wa ndege.

Sasa mjueni Bi Kijakazi, malkia wa Narung'ombe, Mzaramo wa kuzaliwa, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Alikuwa somo wa Sitara, binti aliyefiwa na mama akiwa mdogo. Bi Kijakazi ndiye aliyemlea, akamfunda, akamweka ndani, na kwa desturi yetu bibi harusi hatoki chumbani ila kwa mkono wa somo wake. Harusi ilikuwa Jumapili hiyo. Jumamosi Bi Kijakazi alivuka kwenda Kigamboni kuchukua udi na liwa kwa dada yake, akaahidi kurudi asubuhi. Bahari nayo ikamfanyia kiburi: maji yalikupwa mno, pantoni likakaa ng'ambo likisubiri yajae, na Indriki, aliyekwenda Magogoni kumpokea, akakaa juu ya Jawa yake akichomwa na jua mpaka masikio yakawa mekundu kuliko pikipiki.

Huku nyumbani mambo yalikuwa yameharibika. Mrisho, ami yake bwana harusi, mtu wa saa na wa masharti, alikuwa ametangaza mbele ya kadamnasi: "Ikiadhiniwa alasiri na somo hajafika, tutamtoa bibi harusi kwa mkono wa somo wa kuazima. Hatukuja hapa kuhesabu mabati." Na Sitara akajibu kutoka ndani, mlango umekomelewa: "Sitoki kwa mkono wa mtu mwingine. Rudini kwenu na pilau lenu." Ikawa aibu inanukia mtaa mzima.

Bi Kijakazi aliposhuka pantoni, saa nane ilikuwa imekwisha kupita. Basi lililokuwepo lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Indriki akasema kwa huzuni, "Shikamoo bibi. Tumechelewa. Sheria hairuhusu."

"Marahaba, mume wangu," akanena Bi Kijakazi, kwa maana ndivyo bibi wa pwani wanavyowaita wajukuu. "Sheria naijua. Lakini mtoto yule nilimwahidi siku aliyofiwa na mama yake, nikamwambia, siku ya kutoka kwako utaushika mkono huu. Miguu hii haifiki Kariakoo leo. Haya, amua wewe."

Indriki akaitazama bahari, akaitazama Jawa. Akampandisha bibi nyuma, kifurushi cha udi mapajani, akaipiga teke Jawa, nayo ikanguruma ngurumo iliyowashtua kunguru wote wa Magogoni. Wakapita Samora, mitaa mitupu. Wakapita Mnazi Mmoja, hakuna mtu. Wakaingia Uhuru, na pale inapokutana na Msimbazi, lo! Mapipa mawili, mti umelazwa juu yake, na mbele ya mti amesimama Sajini Melkiori, nguzo ya Tabora, mwenye tumbo la heshima na filimbi ya shaba; na ubavuni mwake Konstebo Gaudens, mrefu, mwembamba, asiyecheka.

Filimbi ikalia. Jawa ikasimama.

"Nani wewe," akanguruma Sajini, "unayeijaza moshi Jumapili ya Taifa, ilhali Taifa zima limekaa chini likibana petroli? Mgeni, kibali kiko wapi?"

"Ndiyo, afande," akasema Indriki. "Samahani, afande."

"Samahani haiendeshi pikipiki! Konstebo, chombo hiki kinalala kituoni."

Indriki akafumba macho. Sisi tuliokuwa kando ya barabara tukasema basi, Sitara kwisha. Ndipo Bi Kijakazi, aliyekuwa kimya akiisikiliza lafudhi ya yule askari, akauliza polepole, "Wewe baba, kwenu wapi?"

"Tabora. Mimi Mnyamwezi. Kwa nini?"

"Ahaa!" akapiga kofi bibi. "Kumbe ni mpagazi wangu! Nani kakuvisha kofia wewe? Hebu nione kama lile bonde la mzigo bado lipo utosini!" Akanyoosha mkono, akamvua Sajini wa Jamhuri kofia yake, akaitia ndani ya khanga.

Konstebo Gaudens akabaki mdomo wazi.

"Bibi mla mihogo mibichi!" Sajini akafoka. "Mzaramo wewe, shamba la minazi umelicheza ngoma mpaka likaisha, sasa unabebwa kwenye pikipiki ya watu kama gunia la vifuu! Lete kofia!"

"Sikupi. Nitaifanya kata ya kubebea maji."

Hapo ndipo shujaa wetu alipofanya kosa lililotaka kumwangamiza. Aliona bibi kizee anamtukana polisi, polisi anamtukana bibi kizee, na kwao Chekoslovakia mambo kama hayo huishia pabaya. Akaruka katikati yao, mikono imepanda juu, machozi yanamlengalenga, akanena kwa sauti kuu: "Afande, nakuomba, msamehe bibi yangu! Ni mzee, amechoka, hajui anachosema! Kama ni kufungwa, nifunge mimi!"

Bi Kijakazi akageuka. Sajini akageuka. Wote wawili wakamtazama kama mtu aliyetia sukari kwenye mchuzi.

"Nani kakwambia tunagombana?" akauliza Bi Kijakazi.

"Hajui anachosema nani?" akauliza Sajini, na sasa kweli amekasirika. "Mimi na huyu bibi ni watani! Wanyamwezi na Wazaramo, tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na misafara ya pembe. Ana haki ya kunitukana hata msibani kwangu. Wewe unamwombea msamaha? Unataka kutuvunjia utani?"

"Mwache, hajakomaa," akasema Bi Kijakazi. "Huyu ni mjukuu wangu. Anakaa kwangu, anakula kwangu, nikiugua ndiye anayenichemshia uji, na unakuwa mbaya kweli."

Sajini akamzunguka Indriki taratibu, akimkagua kama anavyokagua taa za lori. "Mjukuu wako? Basi na yeye ni mtani wangu. Akiwa si mtani, ni mvunja sheria tu, na ninyi wote mtalala hapa. Haya, kijana. Nitukane."

Yaa Rabi! Enyi wasikilizaji, mmepata kusikia mtihani mzito kama huo? Mtu ambaye miaka yote ameishi kwa maneno mawili, aliyeiona ndege ya kurudishwa kwao kila alipoiona sare, sasa anaamriwa amtukane sajini mchana kweupe, mbele ya konstebo! Jasho likamtiririka mpaka kwenye kandambili. Akamtazama Bi Kijakazi, naye akamwambia kwa upole ambao sijausikia kwake tena, "Sema, mume wangu. Sitara anangoja."

Indriki akavuta pumzi.

"Wewe... Mnyamwezi wewe," akaanza, sauti ndogo, kisha ikapanda. "Siku ya kwanza uliyofika Dar es Salaam uliiona bahari. Ukakaa ufukweni mpaka jioni. Watu wakakuuliza, unangoja nini? Ukajibu, nangoja niwaone ng'ombe wanaokunywa hapa!"

Sajini Melkiori hakucheka papo hapo. Tumbo lilianza kwanza. Kisha mabega. Kisha akaishika nguzo ya taa, akainama, akatoa kicheko kilichofika sokoni, na Konstebo Gaudens, ambaye hakuwa mtani wa mtu yeyote pale, akageukia ukutani ili asionekane. Sisi tukapiga makofi. Mimi nililia, sioni haya kusema.

"Ng'ombe!" akasema Sajini akijifuta macho. "Mzaramo huyu! Mzaramo kabisa, tena yule mbaya!" Akajinyoosha, akaweka uso wa kazi. "Lakini sikilizeni. Ninyi ni watani wangu. Sheria si mtani wangu. Injini hii haiwaki leo." Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. "Amri imekataza kuendesha. Kusukuma haikutaja. Konstebo, shika kizuizi. Mimi nasindikiza, nihakikishe hapawaki kitu. Na harusini kwa mtani wangu nina sinia langu la haki."

Basi ikaanza safari ambayo majeshi mengi yangeikataa. Mbele Sajini, kichwa wazi, akipuliza filimbi kuwaondoa kuku. Nyuma yake Jawa, na juu ya Jawa Bi Kijakazi, ameketi upande, mgongo umenyooka, udi mkononi. Na kwenye usukani Indriki, anasukuma. Tulipotaka kumsaidia, bibi akafoka, "Msimguse, mtaniangusha!" Akasukuma peke yake. Jua likampiga kisogoni. Tulipoacha lami, magurudumu yakazama mchangani, kandambili ya kulia ikakatika, akaipiga teke huko, akasukuma mguu mtupu. Pikipiki ikawa nzito, bibi naye si mwepesi, msidanganyane. Nikamsikia akihema, na katikati ya kuhema akinong'ona, "Sitara, Sitara," kama mtu anayehesabu hatua.

Tulipokata kona ya Narung'ombe, muadhini alikuwa amekwisha kukohoa kwenye kipaza sauti. Mrisho alisimama mlangoni, saa mkononi, na somo wa kuazima ubavuni, amejifunga khanga ya watu.

"Nani anamtoa mwanangu?" akauliza Bi Kijakazi kutoka juu ya pikipiki.

Mrisho akaiona sare ya Sajini, akaupisha mlango.

Ndani ikasikika sauti ndogo: "Somo? Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Fungua."

Komeo likavutwa. Na adhana ya alasiri ilipopaa juu ya mabati ya Kariakoo, Bi Kijakazi alikuwa amekwisha kuuvuka mkeka, mkono wa Sitara umo mkononi mwake, wote wawili wanalia, na vigelegele vinapasua masikio. Indriki hakuona lolote katika hayo. Alikuwa amelala chali mchangani, kando ya Jawa, anatazama mbingu. Bibi harusi alipotolewa alisimama mbele yake, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, akasema chini ya ushungi, "Ahsante, kaka." Indriki akamwinulia mkono tu kutoka mchangani.

Na Sajini Melkiori, mkono mmoja ndani ya sinia, akatangaza kwa umati: "Shuhudieni! Mimi nimesimamisha watu maisha yangu yote. Huyu ndiye wa kwanza niliyemsindikiza!"

Tangu siku hiyo mtaa wetu hauhesabu miaka kama mitaa mingine. Nyumba fulani iliezekwa lini, mtoto wa fulani alizaliwa lini, wazee huulizana kwanza: kabla ya pikipiki, au baada? Na Sitara, alipojaliwa mtoto wa kwanza, aliulizwa na mkunga mwaka wa ndoa yake. Akajibu bila kufikiri, "Mwaka wa pikipiki." Mkunga, ambaye ni mtu wa Ilala na si wa huku, akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba anaujua.