Malalamiko Dhidi ya Mtani Aliyerithi Ubishi wa Marehemu Mke Wangu

Sabiri Masolwa,
Mpiga picha za paspoti,
Ipuli, Tabora.
Mwishoni mwa Oktoba.

Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

Ndugu Mwenyekiti Apolinaria,

YAH: NASRI FUNDI CHEREHANI KUKATAA KUACHA KUWA MKE WANGU

Natumaini barua hii inakukuta salama na mguu wako umepona. Mimi ni mzima, isipokuwa shingo, ambayo imekakamaa kwa kutazama juu. Naandika kwa heshima na bila hasira, kuomba ofisi yako iingilie kati jambo ambalo limenishinda mimi, na imamu nilipompelekea alicheka.

1. Msiba. Kama unavyojua, mke wangu Anifa alifariki Machi mwaka huu. Nasri ni Mzaramo na sisi ni Wanyamwezi, kwa hiyo alikuja msibani kama mtani, na utani wa msibani siupingi. Alijifunga kanga ya marehemu, akakaa kwenye kigoda chake, akaanza kuwasema waombolezaji kwa sauti ya marehemu: "Chai mnakunywa, vikombe ataosha nani?" Watu walicheka. Wewe mwenyewe ulicheka hadi ukatolewa nje. Nasikitika kusema kwamba na mimi nilicheka, siku ya pili tu ya msiba, na hilo ndilo lalamiko langu la kwanza.

2. Mirathi. Siku ya kuanua matanga nilimwambia Nasri achague kitu kimoja cha marehemu, kama mtani. Nilitegemea atachukua kuku. Akasema hataki kitu, anachukua ubishi.

Ubishi wenyewe naueleza hapa, maana ulikuwa wa ndani ya nyumba. Anifa alikuwa binti wa mkulima wa Puge. Kila mwaka Kilimia ilipoanza kuonekana jioni upande wa mashariki, baba yake alitoa majembe nje, kwa kuwa kile kifungu cha nyota kikitoka, mvua haiko mbali. Anifa alizihesabu nyota zake tangu utotoni akapata tisa. Mimi nilizihesabu mara ya kwanza aliponitandikia mkeka uani, tukiwa maharusi, nikapata sita. Tumeishi pamoja miaka ishirini na saba, tumelea mtoto mmoja, Shamila, na hatukuwahi kukubaliana. Kila Oktoba tulitandika mkeka tukabishana mpaka chai ikapoa. Amekwenda na tisa yake. Basi nikaapa kwamba mwaka huu, kabla mawingu ya mvua hayajafunga, nitaipiga Kilimia picha, nijue ni nani kati yetu aliyekuwa haoni.

3. Mtambo. Kamera ninayo, ile ile ya studio, ya zamani, yenye lenzi moja. Tatizo ni kwamba dunia inazunguka. Ukiifungulia nyota kamera kwa dakika moja, inahama, na kwenye picha inatoka ndefu kama mnyoo. Miaka yote nimewaambia wateja wasitikisike, na waliokaidi Anifa aliwashika kidevu. Nyota haina kidevu. Kwa hiyo niliangalia video kwenye simu nikatengeneza mtambo wa kuifuata: mbao mbili za kitanda, bawaba niliyoing'oa kwenye kabati la jikoni (mlango sasa umefungwa kwa kamba, na najua Anifa angesema nini), na bolti ndefu inayosukuma ubao wa juu, ambao umebeba kamera, ukiizungusha kwa mkono pole pole, mzunguko mmoja kila dakika.

Video ilisema bawaba ielekezwe kwenye nyota ya kaskazini. Niliitafuta nyota hiyo wiki mbili nzima upande wa Nzega, hadi Shamila aliponieleza kwa simu kwamba kwetu sisi wa Tabora nyota hiyo iko chini ya ardhi. Nasri aliposikia alileta jembe.

4. Vurugu. Sasa bawaba nimeielekeza kusini na mtambo umekaa sawa. Lakini kila nikianza kuzungusha bolti baada ya swala ya isha, Nasri anakaa kwenye mkeka upande wa marehemu na kusema, kwa sauti ile ile, "Tisa." Nikimwambia anyamaze nifanye kazi, anarudi kuwa Nasri: "Mnyamwezi gani wewe! Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo hawakuyumba, wewe bolti moja inakutoa jasho?" Nacheka, mkono unatikisika, picha inatoka minyoo. Ninayo minyoo ya kutosha kufungua duka la chambo.

Amon wa dukani, ambaye kwa hisani yake huzima taa ya nje nikianza kazi, naye ameanza kuja na wateja wake gizani. Kila mtu anahesabu. Recheli anaona nane, mumewe anaona tano, na hawajasemeshana tangu Jumapili. Wewe, Mwenyekiti, ulipopita ulisema saba, na kauli hiyo ya kiongozi hujaifuta. Mtaa ambao haukuwahi kugombania hata maji sasa umegawanyika kwa ajili ya nyota.

5. Hili ndilo zito. Nasri anazidi kuwa hodari. Mwanzoni alikuwa mwanaume aliyejifunga kanga. Sasa anajua jinsi Anifa alivyosafisha koo kabla ya kusema jambo alilojua litaniudhi. Alhamisi iliyopita nilikuwa nimeinama kwenye bolti, sikumwona akija. Nikasikia koo likisafishwa nyuma yangu, kisha: "Baba Shamila, hujala."

Nikajibu, "Nakuja, Mama Shamila."

Nilijibu kwa sauti, mbele ya watu. Hakuna aliyecheka. Nasri alivua ile kanga, akaikunja, akaiweka juu ya mkeka, akaondoka bila kuaga. Picha ya siku hiyo nayo ilitoka minyoo, na sikuwa nacheka.

Kwa hiyo naomba ofisi yako, kwanza, itamke kwamba utani wa msibani una mwisho, kama kibali cha kuchimba mchanga kilivyo na mwisho. Pili, Nasri azuiwe kusafisha koo ndani ya mipaka ya mtaa. Akipata mafua akakohoe kwao Kisarawe. Tatu, wananchi watangaziwe kwamba nyota za Kilimia ni sita mpaka picha itakapotoka. Nne, hayo yote yakishindikana, uandike ngazi za juu, nao waandike juu zaidi, ili dunia ipunguze mwendo walau kwa dakika tano, kwa sababu sina tena mtu wa kunishikia wateja kidevu.

Wasalimie nyumbani kwako na wajumbe wote. Msalimie Amon. Recheli na mumewe wasalimie kila mmoja peke yake, mpaka watakapopatana.

Ni mimi, mwananchi wako asiyependa ugomvi,

Sabiri Masolwa

Tanbihi: Barua hii imekaa mezani kwa kukosa bahasha, na mambo yamebadilika. Nasri hajaja tangu Alhamisi ile. Watu nao wameacha kuja. Uani pamekuwa kimya kama nilivyotaka, mkono haukutikisika, na jana picha ilitoka. Nyota zote ni duara, kila moja imetulia mahali pake. Nilizihesabu kwenye kile kioo cha nyuma ya kamera kinachoonyesha picha. Si sita, wala si tisa. Nilifika thelathini na kitu, nikageuka nimwambie mtu, kisha nikaacha kuhesabu. Mawingu bado hayajafunga. Tafadhali mwite Nasri ofisini kama nilivyoomba, na umkaripie kidogo ili asishtukie. Halafu umwambie kwamba picha haijatoka, bolti inasumbua, na mimi bado nasema sita.