Zabuni ya Sura Kumi na Nne

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Siku kumi na mbili zimebaki. Kitabu kina kurasa mia sita kumi na mbili. Gawanya: kurasa hamsini na moja kwa siku, bila kuugua, bila mgeni, bila kupiga chafya. Haiwezekani. Labda kwa mtu asiye na kazi.

Huu ni mtihani wa mwisho wa cheti cha juu cha ununuzi na ugavi. Nimeshaufanya mara mbili. Mara ya kwanza nilipata alama arobaini na moja. Mara ya pili, arobaini na nne. Kufaulu ni hamsini. Nimepiga hesabu: naongeza tatu kila mara, kwa hiyo mara ya nne napita bila jasho. Tatizo, sina mara ya nne. Mkuu wetu wa ununuzi anastaafu mwisho wa mwaka, na mkurugenzi ametamka mbele ya watu kwamba kiti ni cha mwenye cheti.

Miaka kumi na tisa niko kiwanda hiki cha sabuni! Nilianza kwa kubeba katoni begani. Leo nikiligonga pipa la kostiki kwa kidole, ile dawa kali ya kupikia sabuni, nakwambia zimebaki lita ngapi. Hata kiti chenyewe nilikiagiza mimi kwa seremala. Nikampa vipimo vya mgongo wangu, nikijua siku itafika.

Mshindani ni mmoja tu. Ana miaka minne kazini. Hutembea na kalamu nne za rangi nne, kwa hiyo namwita Kalamu Nne. Leo kanijia mezani, eti kaka mkubwa, tusome pamoja saa ya chakula. Nimemwambia nina ratiba yangu.

Sina.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Nimejaribu kusoma, nikiwa nimejificha ghalani nyuma ya katoni. Sura ya tatu: akiba ya tahadhari. Yaani ule mzigo wa ziada unaouweka kando ili msambazaji akichelewa usikwame. Wameweka na mchoro. Na fomula!

Nimeukodolea macho ule mchoro muda mrefu. Miaka minane iliyopita nilificha mapipa sitini ya kostiki pale pale nilipokaa, bila ruhusa ya mtu. Meli ikachelewa. Viwanda vyote vikazima mitambo, sisi tukapika sabuni siku kumi na nane zaidi. Nilipewa barua ya onyo kwa kukiuka utaratibu wa ghala. Sasa kuna bwana mmoja mahali fulani amekaa kwenye kiti, kaliandika jambo langu, kalipa jina, na mimi napaswa kulikariri nimrudishie.

Nikakifunga kitabu. Goti likaniuma nilipoinuka. Linaniuma tangu mwaka ule wa kuzunguka madukani, na hakuna sura iliyoandikwa juu ya goti.

Lakini njiani kurudi nyumbani, wazo! Kwa nini nisome siku kumi na mbili? Elimu inayokaa kichwani siku kumi na mbili ni mzigo uliolala ghalani. Unavuja, unaliwa na panya. Mnunuzi hodari huletewa mzigo siku unayohitajika. Mtihani ni Jumamosi asubuhi. Basi muhtasari ufike Alhamisi saa kumi jioni, niusome Ijumaa, niutumie Jumamosi ukiwa bado wa moto.

Kilichobaki ni kumpata wa kuuandika.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Nimetangaza zabuni baada ya chakula cha jioni. Sura kumi na nne, kurasa mbili za muhtasari kwa kila sura. Wazabuni watatu.

Mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi: yeye haandiki chochote. Nisome mwenyewe saa moja kila siku nikiwa nimekaa karibu naye, kisha aniulize maswali. Bei ya juu kupita zote. Saa kumi za maisha yangu! Nimemwondoa hatua ya awali.

Binti yangu, mwaka wa pili chuoni: anataka sebule iwe yake na marafiki zake kila Jumapili. Ghali.

Shemeji, kaka wa mke wangu, aliyekuja mwezi wa saba kwa siku mbili: anaomba tu kuendelea kulala kwenye kochi mpaka mwaka uishe. Kochi ambalo tayari analilalia! Yaani bure. Nimempa kazi yote, sura zote, kitabu nikamkabidhi mkononi. Amesaini.

Binti kakata rufaa papo hapo. Eti baba, si sura ya tano ndiyo inayosema usimpe msambazaji mmoja mzigo wote? Nimemuuliza sura ya tano kaijulia wapi. Anasema alikuwa anaipitia tu wakati anangoja chai. Rufaa imetupwa: mzabuni aliyeshindwa lazima atanung'unika.

Mke wangu alikusanya vyombo polepole sana.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Kwa kuwa mikono yangu sasa iko huru, nimemshughulikia Kalamu Nne.

Nimeipitia mitihani minane iliyopita. Sura ya kumi na moja haijawahi kuulizwa hata mara moja. Inahusu bidhaa zinazorudi: mteja kakataa mzigo, wewe unauchukuaje, unaupeleka wapi, unamwambia nini. Ni sura ya walioshindwa. Nani atauliza habari za mizigo iliyorudi kwenye cheti cha juu?

Basi nikachapa karatasi moja safi, kichwa cha habari: Maswali Yanayotarajiwa. Matano, yote ya sura ya kumi na moja. Nikaisahau kwenye mashine ya fotokopi saa nne kasoro dakika tano, saa yake ya kutoa nakala. Saa nne na dakika mbili karatasi haikuwepo.

Jioni nimemwambia shemeji airuke sura hiyo, asipoteze wino. Kauliza kama malipo yatapungua. Nimemwambia kochi ni kochi.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Ukaguzi wa kazi. Shemeji kalala, kitabu kifuani kinapanda na kushuka. Nikamuuliza amefika wapi. Akajibu bila kufungua macho kwamba shem, usiwe na wasiwasi, kazi inaenda. Nimeandika kwenye fomu: inaenda.

Jumanne, tarehe 11 Novemba

Kalamu Nne anakula peke yake dirishani, ile karatasi yangu mbele yake, anaipigia mistari ya kijani. Kila mstari unanishibisha kuliko chakula.

Mkuu wa ununuzi kaniita ofisini. Ameanza kufunga vitu vyake kwenye katoni zetu wenyewe. Kaniambia taratibu kwamba yeye angetamani mimi. Kazi naijua kuliko wote, ninachokosa ni karatasi tu ya kumwonyesha mkurugenzi. Kisha akakipigapiga kiti mgongoni kama mtu anayeaga ng'ombe wake. Akauliza nasoma? Nikasema kazi inaenda.

Nilipotoka nilisimama koridoni kidogo.

Alhamisi, tarehe 13 Novemba

Saa kumi jioni. Hakuna mzigo. Saa kumi na moja, hakuna. Shemeji anasema uko njiani. Njiani kutoka wapi? Anaandikia kwenye kochi, nami nimekaa ukingoni mwa kochi hilo hilo!

Ijumaa, tarehe 14 Novemba

Ukweli umejulikana saa moja asubuhi. Shemeji hajaandika hata herufi. Siku ile ile ya kusaini alimpa kazi yote binti yangu, mzabuni niliyemwondoa mwenyewe! Na malipo aliyomwahidi? Kwamba ataondoka kwenye kochi. Kanilipisha kochi kwa kubaki, kamlipa mwanangu kochi kwa kuondoka. Kochi moja!

Binti aliandika sura tano, vizuri sana, kwa mwandiko wa kupendeza. Jumamosi iliyopita akaamka, akamkuta mjomba wake bado amelala pale, akasimamisha kazi. Anasema ni haki yake kimkataba. Iko sura ya nne.

Nimezichukua hizo tano.

Kazini, Kalamu Nne kaniletea daftari lake, sura zote, rangi zote. Eti kaka mkubwa, nimesikia notsi zako zimechelewa, mimi nimeshamaliza, litumie leo. Mtego! Mtu gani anampa mshindani silaha usiku wa kuamkia vita? Bila shaka kachanganya majibu makusudi. Ni kitu ambacho hata mimi ningekifanya. Nimelifunga kwa kamba ya katoni, nikamrudishia bila kulifungua. Aliitazama ile kamba, akanitazama mimi, akasema haya, kaka, kila la heri.

Hakuonekana kama mtu ambaye mtego wake umeshindwa. Ni mwigizaji mzuri.

Jumamosi, tarehe 15 Novemba

Maswali manne, alama ishirini na tano kila moja, yote ya lazima. Matatu yametoka katika sura zile tano. Niliandika mpaka kidole kikavimba.

La nne: kiwanda kimetoa bidhaa zenye kasoro zilizokwisha kusambazwa madukani. Eleza hatua kwa hatua utakavyozirudisha na kulinda imani ya wateja.

Sura ya kumi na moja. Baada ya mitihani minane!

Niliitazama saa. Dakika arobaini na tano zimebaki. Lakini mtu aandike nini juu ya sura ambayo hajaisoma? Mimi si tapeli. Nikapiga hesabu: nikipata kumi na saba katika kila swali la yale matatu, hamsini na moja, nimepita. Nikakunja mikono, nikahesabu vioo vya madirisha. Thelathini na sita. Viwili vina ufa.

Nje, Kalamu Nne kanikimbilia na kunishika mikono yote miwili. Anasema aliitambua ile karatasi kuwa yangu, maana ni mimi tu kiwandani ninayepiga mstari chini ya kichwa cha habari mara mbili. Asingeisoma sura ile kama si mimi. Asante, kaka mkubwa. Macho yalikuwa na machozi.

Nimemwambia karibu.

Jumatatu, tarehe 22 Desemba

Matokeo. Kalamu Nne, sabini na moja.

Mimi, arobaini na saba.

Mkurugenzi katangaza saa tano. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga, mara nane. Kisha nikambebea Kalamu Nne katoni zake mpaka ofisi mpya, kwa sababu goti au si goti, najua kubeba. Aliuliza kama asikalie kile kiti, kama ningependa nikichukue mimi. Nimesema hapana. Ni kipana kwake kwa inchi tatu.

Nyumbani mke wangu kauliza alama zimepotelea wapi. Nikamweleza: swali la nne, kurudisha bidhaa mbovu, sikuandika kitu, sura sijaisoma. Alikuwa anafua. Akaacha. Akainua kipande cha sabuni mkononi mwake, kile chenye ufa katikati, akaniuliza kimetoka wapi.

Nikasema ni katika zile zilizopasuka, mwaka ule.

Akauliza nani alizizungukia.

Ni mimi. Maduka mia moja arobaini na matatu. Siku kumi na moja, kwa miguu mahali gari lisipofika. Nilikuwa na orodha, nilijua kila duka lina katoni ngapi. Nilianza na wenye maduka wenye maneno mengi ili wasitangaze. Nilimpa kila mmoja katoni nzima kabla ya kuichukua mbovu, mkono huu kwa mkono ule, nikaomba radhi kwa jina la kiwanda. Hatukupoteza hata mteja mmoja. Katoni sita zilizobaki niliambiwa niende nazo nyumbani.

Mke wangu akasema si ndilo swali lenyewe, Baba Binti. Akasema polepole, kama anavyosema na watoto wake wa darasa la kwanza wakikaribia kulia. Kisha akaendelea kufua.

Nimekaa uani mpaka nguo zimekauka.

Jumanne, tarehe 23 Desemba

Nimelala, nimefikiri, nimeona kosa langu.

Muhtasari ulitakiwa ufike Alhamisi. Mapema mno! Ndiyo maana msambazaji alilegea. Safari ijayo ni Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na faini juu.

Kalamu Nne kaniita asubuhi. Mtihani unarudi mwezi wa sita, na nafasi ya msaidizi wake itakuwa wazi. Angependa tusome pamoja kila Jumanne. Pia anaomba niandike kurasa mbili juu ya nilivyozirudisha zile sabuni zilizopasuka, ziwe mwongozo wa kiwanda, zitiwe jina langu. Nimemtazama vizuri. Anatafuta nini huyu? Nimemwambia nitaleta, na kwamba Jumanne nina ratiba.

Jioni nimetangaza zabuni mbili: sura kumi na nne, na zile kurasa mbili za sabuni. Mke wangu na binti yangu wamekataa kuchukua fomu. Kabaki mzabuni mmoja, na baada ya ushindani mkali ameshinda zote. Ameomba kochi mpaka mwezi wa sita. Nimemshusha mpaka mwezi wa tano, tarehe thelathini na moja.

Wala sina wasiwasi. Arobaini na moja, arobaini na nne, arobaini na saba. Inayofuata ni hamsini. Niliipiga hesabu hiyo tangu mwanzo, na mpaka sasa haijanidanganya hata alama moja.