Jarida Linalotangulia Habari

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamua. Kazi ya kufundisha darasa la programu za simu pale chuo cha ufundi ni yangu. Mkuu wa chuo anasoma majarida mawili ya barua pepe ya mafundi wa programu, langu na la Profesa. Jumatatu ijayo anachagua mmoja wetu.

Profesa si profesa. Ana digrii na miwani, basi. Mimi nilianza kwa kubadilisha vioo vya simu kibandani, nikajifunza kuunda programu kwa masomo ya bure ya mtandaoni, na hakuna aliyenishika mkono. Wasomaji wake 600. Wangu 41. Lakini wangu 38 hufungua barua, asilimia tisini na mbili na ushee! Hilo nani analitaja? Hakuna.

Jumanne, 5 Machi

Mkakati umepatikana. Profesa hutuma habari zake Alhamisi, baada ya kuzijaribu mwenyewe. Kuzijaribu! Habari inajaribiwa? Mimi nitatuma Jumatano.

Na nina bomu. Zana mpya za kuundia programu zimetoka leo, toleo la majaribio. Juu ya ukurasa kuna onyo refu la maandishi mekundu. Sikulimaliza, nilikuwa na haraka. Nimeandika somo safi: futa zana za zamani, weka mpya, unda upya programu yako, ipeleke kwenye duka la programu.

Mfano wa somo ni programu ninayomtengenezea dada yangu mshonaji, ya wazazi kutuma vipimo vya sare za shule. Shule zinakaribia kufunguliwa. Asipopata oda sasa, msimu umempita. Akauliza kama hizo zana mpya ni salama. Nikamwambia dada, mimi si ndugu yako? Akasema ndiyo maana anauliza.

Jumatano, 6 Machi

Limetoka! Wote 41 wamefungua. Asilimia mia! Nimepeleka na programu ya dada dukani.

Mchana Profesa akapiga simu. Eti kaka, hizo ni za majaribio, duka halipokei kitu kilichoundwa nazo, waambie watu wasubiri. Wivu mtupu. Nikamshukuru kwa upole na kumkumbusha kwamba siku yake ni kesho.

Alhamisi, 7 Machi

Imekataliwa. Sababu, mstari mmoja: imeundwa kwa zana za majaribio.

Za wasomaji wangu kumi na mmoja nazo zimekataliwa. Mmoja, aliyekuwa anamtengenezea kinyozi programu ya foleni, ameniandikia kwa herufi kubwa tupu. Sikujua foleni ya kinyozi ina uchungu kiasi hicho.

Nikarudisha zana za zamani. Hazikuitambua kazi! Kumbe ukishaifungua kwa zana mpya, za zamani haziisomi tena. Nakala ya akiba? Somo langu halikuwa na hatua hiyo, nami nililifuata neno kwa neno.

Dada kaja na futi yake ya kupimia shingoni. Akauliza taratibu, na dada akiuliza taratibu ujue mambo yameharibika, wazazi watume vipimo wapi. Nikasema kwa sasa waandike kwenye karatasi. Akasema karatasi alikuwa nazo siku zote, mdogo wangu, bila msaada wako.

Jumamosi, 9 Machi

Dada amekwenda kwa Profesa! Tumenyonya ziwa moja, na amekwenda kwa Profesa!

Mwezi uliopita nilimtumia dada kwa barua pepe nakala ya kazi ilipokuwa imefikia, ili aone ninavyomhangaikia. Profesa kaichukua hiyo, kakaa naye mchana kutwa, kamalizia palipobaki kwa zana za zamani. Duka limeikubali. Jioni hii ina oda sitini. Na bado naambiwa niende kumshukuru! Nimshukuru kwa kazi yangu mwenyewe?

Nimewatumia wasomaji ufafanuzi. Si kuomba radhi. Nimeeleza kila kilichotokea, hatua kwa hatua, na mahali ambapo duka, zana, dada na Profesa walikosea.

Jumatatu, 11 Machi

Mkuu amemchagua Profesa. Alitueleza wote wawili ofisini kwake kwamba anataka mwalimu anayejaribu kitu kabla ya kukifundisha. Nikamuuliza, kwani mimi sikujaribu? Akasema nilijaribu, tena kwa watu arobaini na mmoja. Profesa akajifanya anafuta miwani.

Lakini namba! Nimerudi nyumbani nikafungua orodha: wasomaji 112! Ufafanuzi umesambazwa kila mahali. Mmoja ameandika kwamba wameusoma kwa sauti ofisini kwao, na bosi wao alilazimika kukaa chini. Wapya sabini na mmoja, kwa kosa moja tu. Makosa mawili ni 142. Kufikia la nane nampita Profesa, na chuo kitakuja chenyewe kunipigia hodi.

Leo asubuhi limetoka toleo la pili la majaribio. Somo linakwenda kesho, Jumanne, mapema zaidi ya mara ya kwanza. Linahitaji mfano wa kweli, programu iliyo hewani, yenye oda za watu. Dada ameniapisha nisiguse simu yake wala kompyuta yake. Nywila ya akaunti yake ya dukani hakuitaja, na mimi ndiye niliyeiweka.