Pointi Zangu na Safari ya Ndege

Jumatatu, 10 Februari 2025

Itangazwe kwa wakazi wote wa Karatu mjini, kuanzia stendi hadi mnadani: mimi, Talha wa duka la misumari na mabati, nakaribia kuruka. Pointi za kadi yangu ya benki zimebaki kiduchu zitimie. Mwaka mzima nimelipa kwa kadi. Mafuta ya pikipiki, kadi. Saruji, kadi. Hata dawa ya mbu. Kila ukilipa, benki inakutupia pointi, na kwenye orodha ya zawadi wameandika wazi: "Safari ya ndege kwa watu wawili."

Nimemwambia Mama Haji, mke wangu, kwamba harusini Unguja tutakwenda kwa ndege. Zulfa, binti wa dada yake Nasrin, anaolewa Jumamosi ya tarehe 22, kabla Ramadhani haijaingia. Mama Haji ndiye aliyemlea, na Zulfa ameapa hatoki chumbani bila kushikwa mkono na mama yake wa Karatu. Mama Haji kasema yeye anataka kufika tu, hata kwa punda. Nikamwambia punda hana pointi.

Jumatano, 12 Februari

Nimevuka barabara kwenda kwa Ally. Anauza simu, na pia ni wakala wa tiketi za basi. Alipanda ndege mara moja tu maishani, na kile kijikaratasi cha uwanja wa ndege bado kinaning'inia kwenye begi lake. Mwaka wa pili huu. Begi hilo huenda nalo hadi sokoni kununua nyanya.

Nimemrudishia viti vyetu viwili vya basi la Alhamisi ya wiki ijayo. Nikasema, kwa sauti ya kumfikia hata kinyozi, kwamba aviuze, sisi tuna ndege. Akauliza ndege gani. Nikajibu, ya pointi.

Mwalimu Josephati, mstaafu, alikuwa pale ananunua vocha. Akasema miaka yote aliyofundisha, kwenye matokeo ya kidato cha nne mwenye pointi nyingi ndiye aliyefeli, mwenye akili anapata saba. Wakacheka wote. Nimewasamehe.

Alhamisi, 13 Februari

Pointi zilizobaki lazima zitafutwe. Mbinu yangu: kusimama kituo cha mafuta, kuwaomba madereva wa watalii wanipe pesa taslimu, mimi niwalipie kwa kadi. Wa kwanza akapandisha kioo. Wa pili akaniuliza, mzee, nyumbani kuna tatizo gani. Wa tatu akamwita mlinzi. Bahati nzuri mlinzi ni mteja wangu wa misumari. Akanisindikiza nje kwa adabu.

Aliyeniokoa ni Tajewo, mfugaji wa Endulen, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro. Kule hawaruhusiwi kulima, kwa hiyo hushuka Karatu kununua mahindi yake na ya majirani. Nikamlipia magunia yote kwa kadi, naye akanipa noti zake. Akaigeuzageuza kadi. Akauliza hizo pointi zinalala wapi. Benki, nikasema. Akauliza kama nazijua kwa rangi. Nikasema hazionekani. Akanishika bega kama mtu aliyefiwa na zizi zima, akasema, pole rafiki yangu.

Jioni simu ikalia. Pointi zimetimia. Ujumbe nimeusoma kwa sauti mezani, kisha uani, kisha dirishani, upande wa Ally.

Jumatatu, 17 Februari

Nimeichukua zawadi. Muda si muda akanipigia binti anayeitwa Sifa, wa kampuni ya watalii ya hapahapa Karatu inayoshirikiana na benki. Heshima anayo. Kiswahili chake, jamani, ni cha huku bara. Eti, "Baba, mmebahatika, mwezi huu ndege wapo wengi sana."

Wapo. Chombo cha chuma anakitaja kama kiumbe. Babu yangu alitoka Pangani, siwezi kunyamazia jambo kama hilo. Nikamwelekeza taratibu: "Zipo, mwanangu. Si wapo." Akasema sawa baba, zipo.

Jumatano gari litatuchukua alfajiri kwenda Manyara. Naam, kiwanja cha ndege kiko huko. Tusivae rangi kali, kwani ndege hawapendi. Hazipendi, nikamsahihisha. Masharti ya usalama yameongezeka siku hizi. Na darubini tutapewa. Kumbe abiria hugawiwa darubini waone nyumba zao kutoka juu. Ally hakuwahi kulitaja hilo. Labda alikaa karibu na choo.

Mama Haji amelikunja gauni lake jekundu la harusi chini kabisa ya begi, ndege isilione.

Jumatano, 19 Februari, alfajiri

Mabegi mlangoni. Majirani nimewaamsha watuage. Ally katoka na kikoi, kayatazama mabegi, karudi ndani. Wivu.

Alhamisi, 20 Februari, ndani ya basi

Nitaandika kama ilivyokuwa, maana Mama Haji yuko kiti cha pembeni na anasoma.

Gari lilifika Manyara, likapita njia panda ya uwanjani bila hata kupunguza mwendo. Nikamwambia dereva, Benson, kwamba amepitiliza. Akasema, "Hapana mzee, ndege wako chini, ziwani."

Wako. Hapo ndipo sarufi ilipoanza kuniingia.

Tukateremka ukingo wa bonde hadi ziwani. Heroe, ndege wa miguu mirefu, wekundu wa waridi, wengi kweli kama alivyosema yule binti. Sifa akatupa darubini, akatazama mabegi yetu na boksi la zawadi ya harusi, akauliza kwa upole kama tulipanga kulala palepale. Mama Haji akachukua darubini, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Baba Haji, kati ya hawa ni yupi anayekwenda Unguja?"

Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Njia nzima ya kurudi alikuwa akifuta macho kwa ncha ya mtandio, anasema ni vumbi. Vioo vilikuwa vimefungwa.

Nikaenda kwa Ally nikiwa mdogo kama kisoda. Basi limejaa, akasema. Kisha akafungua droo, akatoa viti vyetu viwili. Hakuviuza. "Nilikuuliza ndege gani," akasema. Akakifungua kile kijikaratasi kwenye begi lake, akakifunga kwenye begi la Mama Haji. "Ukifika Unguja, shemeji, waambie umeshuka sasa hivi." Mama Haji akacheka. Kesho tunavuka kwa boti, na Jumamosi Zulfa atashikwa mkono.

Hata hivyo najivunia. Katika Karatu nzima, ni nani mwingine aliyepelekwa na benki kutazama heroe, yeye na mkewe, bure?

Simu imelia sasa hivi. Benki. Kuna zawadi mpya kwa wenye pointi: "Mwaka huu, jipatie paa." Mama Haji kaniambia niwapigie kwanza niulize. Niulize nini? Paa la nyumba haliwezi kuwa, mabati nauza mwenyewe. Paa mnyama anazurura bure Ngorongoro. Inabaki kupaa. Kiswahili hiki ni cha babu yangu.

Nimempigia Ally asituwekee viti vya Idi.