Shamba Lisilovuja Hata Tone

Jumatatu, 4 Oktoba 2021

Habari kubwa! Mwenyekiti wa mtaa ametangaza kwamba wataalamu wa maji wanakuja hapa Singe kuchagua shamba moja. Watachimba vibwawa na kupanda nyasi, bila saruji wala mabomba, na kisima cha mwenye shamba kitapona. Alieleza pia mambo marefu kuhusu mvua kuzama ardhini. Sikufuatilia. Nilikuwa nimeshaelewa.

Mashamba yanayoshindana ni mawili: langu na la Damiani, jirani yangu. Katikati yetu kuna ua wa minyaa tu.

Lazima nishinde. Kisima changu kinatoa ndoo mbili kwa siku, zenye tope. Mke wangu, Mama Goodness, amesema kikikauka kama mwaka jana, anahamia kwa dada yake Karatu mpaka masika. Amesema huku anakunja kitenge, bila kupandisha sauti. Akipandisha sauti huwa siogopi. Leo nimeogopa.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimekagua shamba. Aibu! Mchanga mtupu. Nimemwaga kopo moja la maji, nikageuka kupiga chafya, maji hayapo. Shamba gani hili linakunywa kila kitu? Mtaalamu akiliona atacheka mpaka watu wa Bonga wamsikie.

Faraja yangu ni kwamba la Damiani ni baya zaidi. Vichaka vitupu. Hajalima miaka mitatu. Eti ardhi inapumzika! Mtu mvivu hakosi maneno.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimepata wazo nikiwa kwenye cherehani, nikashona mfuko wa suruali ya mteja ukazibika kabisa. Si kitu.

Wazo lenyewe: lambo la kunyweshea mifugo linatengenezwaje? Unaleta udongo wa mfinyanzi, unamwaga maji, unapitisha ng'ombe wakanyage mpaka tope lizibe kila tundu. Kila mfugaji wa hapa anajua. Mimi ni mtu wa kuja, lakini macho ninayo.

Nimeenda kwa mzee Aniceti, mwenye ng'ombe kumi na wanane. Baada ya shikamoo nikaeleza. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia fundi nguo hafundishwi kupima. Akasema haya, ng'ombe watakuja kesho.

Alhamisi, 7 Oktoba

Ng'ombe wamekanyaga tangu asubuhi. Kazi safi! Mfinyanzi umekolea, shamba linang'aa. Maji yalipopungua nilichukua ya pipa la nyumbani. Yote.

Mama Goodness amerudi kutoka jumuiya akakuta pipa tupu. Nikamwambia hiyo ni mbegu, mavuno yanakuja. Alichukua ndoo akaenda kuomba maji kwa Damiani. Damiani alimjazia mbili, akamsindikiza mpaka kwenye minyaa, akaniuliza za kazi. Anajipendekeza.

Jumatatu, 11 Oktoba

Wamekuja! Mtaalamu ni binti anaitwa Xaveria, ana adabu, amenipa shikamoo mbele ya Damiani. Shamba langu limekauka likawa gumu kama sakafu ya kanisa. Alikuwa na kitu kama sufuria kubwa isiyo na kitako. Akakipigilia ardhini, kwa shida sana, akajaza maji, akawasha saa.

Dakika tano. Maji yapo. Dakika kumi. Yapo! Nusu saa, kuku wetu akaja akanywa. Nikapiga makofi. Nikamwambia Xaveria aandike vizuri: halivuji hata tone. Aliandika, tena kwa muda mrefu. Akaniuliza kama udongo huu ulikuwa hivi siku zote. Nikasema ni urithi.

Wakahamia kwa Damiani. Masikini! Maji yaliisha kabla Xaveria hajafunga kidumu. Akajaza tena, yakaisha tena. Nilimpa Damiani mkono wa pole. Akashukuru.

Jumanne, 12 Oktoba

Nimeshona suti ya kuvaa siku ya matokeo. Mama Goodness ameomba maji kwa Damiani tena. Nimemwambia avumilie, kesho kutwa Damiani ndiye atakuja na ndoo kwetu.

Alhamisi, 14 Oktoba

Mkutano ofisi ya kata. Suti imenikaa.

Xaveria amesoma: limechaguliwa shamba la Damiani. Nikasimama nikamwambia kwa upole kwamba huenda ameshika karatasi juu chini. Watu wakacheka. Nikaona wananiunga mkono.

Akaeleza upya, taratibu. Wanatafuta mahali ambapo maji yanazama. Kwa Damiani mizizi, mchwa na fuko wameifungua ardhi. Halafu akasema jambo la kushangaza: ramani yake ilionyesha shamba bora kuliko yote ni la mzee Valence. Yaani langu! Mchanga safi, mteremko mzuri. Haelewi lilipatwa na nini.

Ndipo mzee Aniceti, huko nyuma, akasema kwa sauti ya kujivunia: “Ni ng'ombe wangu hao. Walikanyaga siku nzima!”

Mama Goodness hakucheka. Alinitazama tu. Nikatamani pale sakafuni pangekuwa na tundu la fuko. Jioni nimemkuta anapanga nguo kwenye begi. Nimekaa mlangoni nikamwomba asiende. Nimelia kidogo, naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Ijumaa, 15 Oktoba

Wokovu! Damiani, mtu mwema (siku zote nimesema hivyo), amemwomba Xaveria alipime tena shamba langu, kwa kuwa mradi una nafasi ya kibwawa kidogo cha pili. Xaveria amekubali. Atarudi tarehe 29. Masharti: tuondoe mfinyanzi, tutifue kwa jembe, tuache majani yaote. Baada ya hapo tusifanye kitu. Alirudia akinitazama mimi: “Baba Goodness, usifanye kitu chochote.”

Mama Goodness ameliweka begi uvunguni. Amesema anasubiri hiyo tarehe. Amechukua jembe.

Jumapili, 24 Oktoba

Shamba limetifuliwa lote, na Mama Goodness na Damiani. Mimi nilikuwa nafikiri.

Damiani ameshinda kwa sababu gani? Fuko! Mimi ninao wangapi? Hakuna hata mmoja. Mama Goodness alipoenda misa, Aniceti aliniletea wanne ndani ya ndoo. Safari hii hakuuliza kitu. Nikawaachia katikati ya shamba. Wote wanne wakapita chini ya minyaa wakaingia kwa Damiani!

Lakini nimeshagundua kosa: sikuweka uzio. Nimeagiza wengine kumi. Fuko anachimba, kwa hiyo uzio lazima uzame ardhini, na kitu pekee kinachofaa ni bati. Nimeezua jiko la Mama Goodness, mabati manane, nimeshafukia matano. Kuna wingu zito juu ya mlima Kwaraa, lakini liko mbali. Atafurahi sana akirudi.