Jinsi Binti wa Cherehani Alivyoupita Mlango wa Kwao

Njooni, mlioketi na mliosimama, zipumzisheni simu zenu kidogo mnisikilize. Wengine watawasimulia majemadari waliovunja ngome na kuteka miji. Hao walikuwa na majeshi. Mimi nawaletea shujaa aliyekuwa na tepu ya kupimia shingoni, mfuko wa nguo mkononi na kiatu kinachomchubua kisigino, ambaye alitoka kazini jioni, akaenda kwao, akafika. Ndiyo, akafika. Msicheke, wapo wanaojua uzito wa neno hilo.

Huyo ndiye Binti wa Cherehani, Mkata Hariri, Mtiisha Zipu Zilizogoma. Mama yake, mtawala wa chumba na sebule, alimlea kwa amri moja isiyo na rufaa: anayekusalimia, muitikie. Katika nyumba ile, kumpita mtu kimya lilikuwa kosa kubwa kuliko kuunguza sufuria.

Basi jua likiwa bado lipo, kwenye kona ya duka la vyombo, akatokea Bwana Miwani. Twamwita hivyo kwa kuwa miwani yake ya jua ndiyo kitu pekee alichokubali tukione, huku manukato yake yakimtangulia kama wapiga tarumbeta.

"Dada, habari yako?"

"Nzuri, kaka."

"Za kazi?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

Oneni mbinu za vita! Salamu zetu ni ngazi, na mtu akishaitikia kipago cha kwanza huona haya kuruka akiwa katikati. Bwana Miwani alilijua hilo vizuri. Akapanda taratibu, kwa adabu zote, hadi juu ya ukuta wa ngome.

"Nyumbani wapi?"

"Huku huku mbele."

"Mbele wapi? Nikusindikize basi. Mfuko mzito huo."

"Ahsante, nimeuzoea."

"Mbona unaogopa? Kwani mimi nakula watu?"

"Sijasema unakula watu, kaka. Nimesema mfuko nimeuzoea."

Wajuzi wa mambo haya, ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufuatwa na mtu, wametuachia sheria mbili tukufu: mwanamke asipoitikia, ana maringo, akiitikia, amejitakia. Kati ya sheria hizo imebaki njia nyembamba kama uzi, na juu yake shujaa wetu alitembea, tabasamu likiwa limeshikizwa usoni kwa pini. Alipopunguza mwendo, viatu vya nyuma yake vilipunguza. Alipokaza, vilikaza.

Mara ukatokea mlango wa buluu, na dirisha lenye pazia alilolishona kwa mikono yake. Kwao! Ufunguo ulikuwa kiganjani. Kisigino kilimsihi kwa machozi. Lakini angeingia, Bwana Miwani angejua milele mahali anapolala. Hapo, enyi wasikilizaji, likafanyika tendo kuu: akaupita. Akaupita mlango wa kwao, bila hata kuutupia jicho, kama mtu anayepita ofisi ya kodi.

Na kama ilivyo katika vita vyote, pigo likatoka kambini kwake mwenyewe. Pazia likafunguka, ikanguruma sauti ya mtawala:

"Wee mtoto! Unapita hapa unakwenda wapi?"

Shujaa hakugeuza hata shingo yote. "Shikamoo, mama! Gauni lako bado halijaisha, nitakuletea kesho. Leo nawahi, kaka zangu wananisubiri pale dukani!"

Kaka hana hata mmoja. Gauni halikuwahi kuagizwa. Mama akamtazama binti, akaitazama miwani, akaurudia uso wa binti. Ulimwengu ukashika pumzi.

"Marahaba. Nyie mafundi waongo sana, kila siku kesho! Haya, msalimie mama yako." Kisha akaegemea dirisha kwa viwiko vyote viwili. "Na wewe, kijana, hujambo?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Nyumbani wapi?"

Bwana Miwani akarudi nyuma hatua moja.

"Mama yako nani? Anajua uko huku? Hebu vua hiyo miwani, sogea nikuone vizuri."

"Nina haraka kidogo, mama."

"Mbona unaogopa? Kwani mimi nakula watu?"

Akatimua mbio, yaani alitembea kama mtu asiyetimua mbio, akinung'unika kuhusu wanawake wenye maringo. Walioshindwa nao huandika historia yao.

Shujaa alisimama dukani akichagua sabuni asiyoihitaji, mpaka manukato yakaisha mtaani. Kisha akarudi, akafungua mlango wa buluu, akavua kile kiatu katili.

"Mama yako umemsalimia?" akauliza mtawala, akimsogezea beseni la maji ya uvuguvugu.

"Nimemsalimia."

"Anasemaje?"

"Bado nasubiri aseme."

Mama akakisugua kisigino kile. "Anasema anayekusalimia, muitikie." Akakamua kitambaa. "Habari yako, inatosha. Hizo nyingine mwambie aje aniulize mimi."

Hivyo ndivyo ilivyorekebishwa, kwa mara ya kwanza tangu kutungwa, katiba ya chumba na sebule. Miji haikutekwa. Mtu alifika kwao.