Kamera ya Jicho Moja

Jumamosi, 2 Juni 2007

Leo nimempata Kisilu! Naandika haraka kabla furaha haijapoa.

Kisilu ni yule wa studio ya ng'ambo ya barabara, hapa Waithaka, mwenye kamera ya dijitali. Picha ya pasipoti, dakika tano umeshapewa. Mimi na filamu zangu ni siku tatu. Wateja wangu wote wamehama. Hata mchungaji wetu alipigwa picha kule, nikamwona kwa macho yangu akijificha nyuma ya lori la makaa.

Sasa basi. Kisilu hana haja tena na pazia lake la studio, lile lililochorwa ndege na maporomoko ya maji, kwa sababu siku hizi mandhari anaweka kwa kompyuta. Alikuwa akitafuta kitu cha kuwekea printa. Nikampa sanduku la mbao la marehemu baba mdogo Ndungu, aliyeanzisha hii studio yangu. Limejaa takataka, sijalifungua tangu mazishi. Yeye amebeba takataka, mimi nimebeba maporomoko. Mjinga yule!

Pazia halina ufito wa kulitundikia. Shiku, mke wangu, ameuliza ni nani atakayekuwa akilishika. Nimemwambia aache kuona kasoro kila mahali.

Jumapili, 3 Juni

Kanisa letu linatimiza miaka hamsini Jumapili ijayo. Baada ya matangazo, Mzee Mbuthia, mwenyekiti wa kamati, akasimama na kutuonyesha ile picha iliyo ukutani. Watu kumi na saba kando ya jiwe la msingi, mwaka wa 1957. Aliyeipiga ni baba mdogo Ndungu. Kati ya wale kumi na saba amebaki bibi yetu, Cucu Wanjira, peke yake, miaka tisini na mmoja. Cucu ana ombi moja tu. Anataka apigwe picha pale pale, kando ya jiwe lile lile, kwa kamera ile ile ya Kijerumani ya kukunja, kabla hajawafuata wenzake. Mzee Mbuthia akasema mwenye kamera hiyo ndiye atakayepiga picha za jubilii, na harusi zote za kanisa mwaka mzima.

Nikasimama. Sikufikiri. Nikasema iko kwangu, tena naipangusa kila Ijumaa.

Makofi! Cucu akafuta machozi kwa leso. Nilikuwa nimeshaketi ndipo nikakumbuka sanduku.

Jumatatu, 4 Juni

Mtu mwingine angevuka barabara akaomba arudishiwe. Mimi, nimwombe Kisilu? Mbele ya wateja wangu waliopanga foleni kwake? Bora nife.

Nimetumia akili. Nimekwenda kwa ujirani mwema, nikamwambia naona aibu sana, lile sanduku lina kunguni, aniachie nikalichome. Kisilu akasema nisiwe na wasiwasi, dawa anayo. Akalipuliza sanduku. Kisha akanipuliza mimi, ati labda wengine wamenipanda. Nimenuka dawa mchana kutwa.

Jioni akaja kugonga mlango wangu. Bila shaka ameshaiona kamera na anataka kunicheka. Nimejifungia kwenye chumba cha giza. Shiku amemwambia nimeenda hospitali, Upper Hill, kumwona mgonjwa.

Jumanne, 5 Juni

Mjini. Kuna fundi wa kamera anaitwa Ogutu, ghorofa ya tatu, kichochoro cha nyuma ya barabara ya Tom Mboya. Huyo ndiye anayejua. Nilipomweleza akasema kamera hiyo ni Isolette, na kwamba ziko tatu, kama familia. Unabonyeza kitufe, mlango unafunguka, lenzi inatoka nje na mvukuto wake wa ngozi unaokunjwakunjwa kama kodiani. Ya kwanza na ya pili zina jicho moja la kuchungulia. Ya tatu ina macho matatu, kwa sababu hiyo inapima na umbali. Nikamuuliza ya baba mdogo ilikuwa ipi. Akaniuliza yeye angejuaje.

Alikuwa na ya tatu peke yake. Nimeacha saa yangu ya mkono, nimechukua kamera, mkoba wake na filamu moja ya picha kumi na mbili. Ogutu akasema hii ni bora kuliko zile nyingine mbili. Bora! Nani atalalamika akipewa kilicho bora? Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi, sijui saa ngapi.

Kisilu amekuja tena. Upper Hill tena. Shiku anasema huyu mgonjwa apone au afe, yeye amechoka.

Alhamisi, 7 Juni

Cucu Wanjira amekuja kuiona kamera, Mzee Mbuthia akimshika mkono. Akaipapasa. Akasema ya Ndungu ilikuwa na jicho moja. Nikamwambia ni kweli, lakini hata kamera huzeeka, hayo mawili ni miwani. Akacheka mpaka akakohoa. Nikajua nimepita.

Kisha akauliza uzi mwekundu uko wapi.

Uzi gani tena? Ati asubuhi ile ya 1957 mkanda wa mkoba ulikatika, watu wamesimama tayari wanangoja. Cucu akafumua uzi mwekundu kwenye kitambaa alichokuwa akishona, akauunga mkanda yeye mwenyewe. Ndungu akamwahidi kuwa hatautoa kamwe. Nikasema mkanda wenyewe uko kwa fundi wa viatu, unapakwa mafuta. Cucu akanishika vidole, akaomba Jumapili aushike kidogo. Akasema wale wengine wote wamekwenda, na hakuna kitu kingine cha asubuhi ile alichobaki nacho.

Maneno yale yalinigusa, siwezi kukana. Kwa dakika nzima nilitaka kuvuka barabara na kusema yote. Halafu nikamwona Kisilu mlangoni kwake, ananipungia mkono, anatabasamu. Nikaghairi papo hapo.

Ijumaa, 8 Juni

Shiku amekataa kushona. Anasema uongo ni wangu, niushone mwenyewe. Haya! Nimenunua uzi mwekundu, nikaazima sindano ya magunia. Nikaiweka kamera mapajani ikiwa imefunguliwa, mkanda juu yake, taa karibu. Sindano ikapita kwenye mkanda. Ikapita kwenye mvukuto. Ikaingia pajani.

Nilipiga yowe, Kisilu akaja mbio kugonga. Shiku hakuwepo. Nikapaza sauti mimi mwenyewe kwamba nimeenda Upper Hill.

Tundu la mvukuto nimeliziba kwa chingamu. Macho mawili nimeyaziba kwa utepe mweusi. Ukisimama mbali, huwezi kutofautisha. Niko tayari.

Jumapili, 10 Juni

Mguu unauma. Nitaandika yote.

Jua kali, kanisa zima nje, kwaya imevaa sare mpya. Cucu Wanjira amesimama kando ya jiwe, na gauni lake la bluu. Nikabonyeza kitufe. Mlango haukufunguka. Chingamu ilikuwa imeyeyuka ikashika kila kitu. Nikavuta. Nikavuta kwa meno. Ukafunguka, chingamu ikatoka nao ndefu, mvukuto ukachanika, utepe ukabanduka, na yale macho mawili yakawaangalia watu wote.

Cucu akaomba mkanda. Akaupapasa ule uzi wangu, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Kisha akasema, kwa sauti iliyofika hadi kwa watoto wa Sunday school, kwamba aliyeshona hivi hajawahi kushona hata kifungo. Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alikunja ule mkanda, akanirudishia, akaangalia chini. Hapo ndipo niliona aibu, aibu ya kweli. Nilitaka jiwe la msingi linifunike.

Nikageuka nimtafute Shiku. Hayupo. Kumbe alikuwa ameenda kumwita Kisilu kutoka kanisa lao, na huyo anakuja, jasho linamtoka, kamera mkononi. Isolette. Jicho moja. Mkanda wenye uzi mwekundu, umefifia, umeshonwa vizuri sana.

Akasema aliiona sandukuni Jumatatu, baada ya kupuliza ile dawa, na jina la Ndungu limeandikwa kwa ndani. Alijua nimeitoa kwa bahati mbaya. Amegonga kwangu wiki nzima anirudishie. Jumatano akaipeleka kwa Ogutu ikasafishwe, akatia na filamu. Kisha, mbele ya kanisa zima, akaulizia hali ya mgonjwa wa Upper Hill.

Akanipa. Hakupiga picha yeye, alinipa mimi. Cucu akaushika ule uzi kwanza, akaupeleka shavuni, akakaa hivyo. Halafu akasimama kando ya jiwe akiwa amewaachia nafasi wale kumi na sita, kila mmoja mahali pake. Nilipochungulia kwenye lile jicho moja sikuona vizuri, machozi. Nikapiga zote kumi na mbili.

Jumamosi, 16 Juni

Picha zimetoka kusafishwa maabara ya Hurlingham. Safi! Ya Cucu imeshatundikwa kanisani chini ya ile ya zamani. Watu wananiamkia tena barabarani. Harusi za mwaka mzima ni zangu. Ukiangalia vizuri, mpango wangu umefaulu.

Kisilu ameleta mkebe wa biskuti uliokuwa chini kabisa ya sanduku. Nikafunua. Negativu tupu, mamia, nyeusi nyeusi, watu waliokufa zamani. Akasema ni vitu vya familia yangu, nivichukue. Lakini hapo hapo nikaona nyuma yake, ukutani, ule ufito wa pazia. Sikuchelewa! Mkebe abaki nao, ufito nipe mimi. Akauliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia aharakishe kabla sijabadili nia.

Maporomoko yametundikwa. Yanapendeza, isipokuwa panya ametoboa ndege. Shiku ameuliza mkebe ulikuwa na nini. Nimemwambia takataka.

Jumapili, 17 Juni

Baada ya matangazo Mzee Mbuthia akasimama tena. Kamati inataka kuchapisha kitabu cha historia ya kanisa. Wanatafuta negativu za zamani za marehemu Ndungu. Cucu Wanjira anakumbuka kwamba alizihifadhi zote kwenye mkebe wa biskuti, na humo mna picha ya mumewe siku ya harusi yao, ambayo hajaiona tangu mwaka wa sitini.

Shiku alinishika koti. Nilikuwa nimeshasimama.

Nimesema ziko kwangu, nimezipanga kwa miaka. Makofi! Cucu akatoa leso.

Sasa hivi Kisilu anagonga mlango. Kesho alfajiri naenda mjini kwa Ogutu, nimuulize kama ana harusi yoyote ya zamani.